Cuthbert Amerudi, Lakini Hasemi

Linlithgow, Uskoti
Jumatatu ya Pentekoste, Mei 1513

Dada yangu Thomasin,

Kama mbeba barua hakulewa njiani, basi hii imekukuta u mzima na kikohozi kimekuachia. Nisalimie shemeji yangu Cuthbert. Mwambie mwanyumba wake, mume wangu Ninian, bado anawasimulia watu walivyokunywa pombe ya harusi yetu mpaka wakalala pamoja chini ya gari la ng'ombe, kama watoto wa tumbo moja. Miaka sita imepita tangu harusi hiyo, na sijauona uso wako tena.

Sisi hatujambo, ila mvua haitupi nafasi. Mashuka ya malkia yananuka ukungu kwa kukosa jua, na mkuu wa dobi anatufokea kana kwamba sisi ndio tunaoyashika mawingu. Mwana wa malkia amevuka mwaka. Baada ya wale aliowazika, kila asubuhi tunaulizana kwanza habari za mtoto, ndipo tunasalimiana.

Nami nina mimba. Hakuna anayejua isipokuwa Ninian na sasa wewe. Wale wawili wa kwanza unajua walivyokwenda, na sitaki kuzaa tena katikati ya wanawake wanaonionea huruma kwa lafudhi ambayo bado inanisumbua. Mtoto atakuja baada ya Krismasi. Njoo. Uliniahidi pale Collyweston, siku nilipopanda gari kumfuata Binti Margareti akija kuolewa na mfalme wa huku, nami nina miaka kumi na minne, kamasi zinanitoka. Ulisema, "Siku ukizaa nitakuja, hata kwa miguu."

Kuna jambo linalonikosesha usingizi. Ninian amechukuliwa kwenye karakana ya mfalme Edinburgh. Hatengenezi tena magurudumu ya magari ya nafaka, anatengeneza ya mizinga. Mfalme wetu na mfalme wenu ni mashemeji. Nilidhani tulimsindikiza yule binti mpaka huku ili hao wawili wasipigane. Huko kwenu watu wanasemaje?

Mdogo wako,
Emmot


Alnwick, Uingereza
Wiki ya kwanza ya Julai 1513

Mdogo wangu Emmot,

Barua yako imefika, imelowa lakini inasomeka. Kikohozi kiko palepale, tumeshazoeana. Cuthbert anakusalimu. Mwaka huu amepata magome ya mwaloni ya kutosha, mashimo yote ya kulowekea ngozi yamejaa, na tunanuka hata kanisani watu wanatupisha wenyewe. Jirani yetu Sibell amemzika mume wa tatu, na macho yake tayari yanazunguka sokoni.

Habari ya mimba nimeipokea kwa magoti. Sitasema zaidi, maana mama alisema mimba isifurahiwe kwa sauti.

Sasa nisikilize. Mfalme amevuka bahari kwenda kupigana na Wafaransa, na nchi amemwachia mkewe, Malkia Katarina. Mfalme wenu ameahidiana na Wafaransa. Hata kipofu anaona vita hii itapita wapi: itapita hapa, mlangoni kwangu. Wewe unanililia habari za ushemeji. Umesahau tulivyokuwa tukikunja mashuka Collyweston, nyumbani kwa bibi yake malkia wako? Mimi nashika pembe, wewe pembe, na mama anatutajia ukoo wao. Yohana wa Gaunt, mwana wa mfalme, alikuwa na binti aliyeolewa Hispania, wakazaa, wakazaa, mpaka akapatikana Katarina. Alikuwa pia na mwana aliyebaki hapa, wakazaa, wakazaa, mpaka akapatikana Margareti. Pembe zikikutana mama husema, "Mnaona? Babu mmoja." Haya, babu mmoja huyo amewasaidia nini? Leo ni mawifi, mmoja huku na mmoja huko, na visu vinanolewa pande zote mbili. Undugu wa wakubwa hukunjwa wanapotaka na kukunjuliwa wanapotaka.

Wa kwetu sisi si hivyo. Siwezi kuja, mpaka umejaa askari. Njoo wewe. Mwache Ninian na mizinga yake, atakufuata mambo yakipoa. Chumba kipo juu ya ghala, harufu yake utaizoea. Sikuombi, nakuambia. Mimi ndiye mkubwa.

Thomasin


Linlithgow
Sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, Agosti 1513

Dada,

Nimepokea salamu zako na amri yako. Salamu nimezichukua.

Sisi ni wazima. Tumbo limeanza kuonekana, na mkuu wa dobi amenitoa kwenye kukamua, sasa nakunja tu. Mvua inaendelea.

Siji, Thomasin. Malkia wangu ni dada wa mfalme wenu hasa, tena wa baba mmoja na mama mmoja, na hakukimbilia kwa kaka yake. Amebaki hapa pamoja na mtoto. Mimi niliyekuja kumfulia nitamwacha niende wapi? Mwanangu atazaliwa nyumbani kwa baba yake. Usikasirike. Ukaidi huu tumeupata kwa mama mmoja.

Jeshi limeondoka. Nilikwenda mpaka Edinburgh kumuaga Ninian. Maksai walikuwa wengi hata barabara ilikuwa kama imefunikwa ngozi yenye pembe, na kila mzinga unavutwa kwa kelele za watu kama harusi. Ninian alikuwa anatembea kando ya magurudumu yake, anayasikiliza, kama mama anavyosikiliza pumzi ya mtoto. Alitoka kwenye mstari akaja kwangu.

"Emmot," akasema, "itakuwaje nikikutana na Cuthbert huko?"

Nikamwambia, "Kila mmoja ageuze uso upande wake, mpite."

"Na ikiwa hakuna pa kupitia?"

Aliniwekea mkono tumboni mbele ya watu wote, akakimbia kuyafuata magurudumu.

Nakuuliza wewe sasa. Je, Cuthbert ameitwa? Kama ameitwa, mwambie maneno haya niliyomwambia mwenziwe. Mbeba barua anasema huenda hii ikawa ya mwisho kuvuka kwa muda. Basi nikumbuke kwenye sala, nami nitakukumbuka, na Mungu atajua mwenyewe namna ya kuwasikiliza watu wanaoombeana huku waume zao wamebeba silaha.

Emmot


Linlithgow
Sikukuu ya Mtakatifu Luka, Oktoba 1513

Dada yangu mpenzi,

Sijui kama u hai. Natumai. Mimi ni hai, na mtoto anacheza.

Habari unazijua kuliko mimi, maana kilima cha Flodden kiko karibu na kwenu. Mfalme wetu amekufa, na wakuu wake wamekufa pamoja naye. Hapa Linlithgow huwezi kuazima sufuria bila kuingia kwenye nyumba ya msiba. Malkia wetu ni mjane, na mwanawe ambaye hajaachishwa ziwa amevikwa taji.

Ninian hajarudi.

Waliorudi wamenieleza vipandevipande. Mmoja wa waswaga maksai, jina lake Wat, alimwona amesimama kando ya mzinga, gurudumu lake limezama matopeni, Waingereza wanapanda. Alimwita. Ninian akasema, "Tangulia, hili litatoka tu." Baada ya hapo Wat alikimbia, wala simlaumu. Wengine wanasema mafundi wa mizinga hawakuuawa wote. Eti walichukuliwa pamoja na mizinga ili waitunze.

Wewe uko karibu. Ulizia. Muulize Cuthbert, kama alikuwepo na amerudi. Ninian ana kovu kwenye nyusi ya kushoto na kidole kimoja cha mkono wa kulia hakikunji. Kama amekufa, nataka kujua alikofukiwa. Kama yu hai, nitakuja kumchukua hata kwa kutambaa. Sitaki kufarijiwa, Thomasin. Nataka kujua.

Emmot


Alnwick
Sikukuu ya Mtakatifu Martino, Novemba 1513

Mdogo wangu,

Mimi ni hai. Barua yako ilizunguka sana. Nimefurahi mtoto anacheza.

Huku tumeshachinja nguruwe wa msimu. Wa Sibell alikuwa na mafuta vidole vitatu, akanigawia mguu mmoja, jambo ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue. Baridi imewahi.

Cuthbert alikwenda vitani na amerudi. Alikatwa kwa shoka tayani, na hasemi. Uso mzima umefungwa vitambaa. Namlisha uji wa shayiri kwa kijiko cha mti. Ninalala chini, yeye kitandani.

Habari za yule unayemuulizia sina la kukuandikia. Usije. Usimtume mtu Berwick mpakani wala kwingine. Usiliandike tena jina lake, maana barua siku hizi zinapita mikono mingi. Kula, lala, ujifungue salama.

Thomasin


Linlithgow
Majilio, Desemba 1513

Thomasin,

Nakusalimu kwa sababu tulifundishwa kusalimu.

Mumeo amerudi. Nashukuru kwa ajili yako, meno nimeyauma. Umeniandikia unene wa mafuta ya nguruwe wa Sibell. Kuhusu mume wangu umeniandikia kwamba huna la kuandika. Cuthbert alikuwa kwenye kilima kilekile. Ana macho hata kama hana taya. Ana mikono. Kwa nini hukumuuliza? Au ulimuuliza, na jibu lake ndilo linalokufanya uniandikie nguruwe?

Nitasema wazi ninalolifikiria, nisije nikalizaa pamoja na mtoto. Nadhani walikutana, na hapakuwa na pa kupitia.

Hata dobini habari za lile koti zimetufikia. Malkia Katarina alimpelekea mumewe huko Ufaransa koti la mfalme wetu, lina damu ya mume wa wifi yake. Kisha, wanasema, akamtuma mtawa kuja kumfariji wifi huyohuyo. Mkuu wetu wa dobi aliposikia alisema, "Wanakutoa jicho, halafu wanakuletea kitambaa." Lakini hata huyo Katarina alilolifanya hakulificha. Wewe si wifi yangu. Wewe ni dada yangu, tumelala blanketi moja, na unanificha.

Malkia wangu ana mimba ya mtoto ambaye baba yake hatamwona. Watu wanasema na mimi ni hivyo hivyo, wananiita mjane mbele ya macho yangu. Sijavaa nyeusi wala sitavaa mpaka mtu aliyemwona aniambie. Nikishajifungua nitamfunga mwanangu mgongoni, nitakuja Alnwick, nitakaa mbele ya Cuthbert. Asiposema, ataandika kwa kidole majivuni. Kama ni yeye aliyemuua, ataniandikia hivyo.

Emmot


Alnwick
Baada ya Epifania, Januari 1514

Mdogo wangu,

Amani kwako, hata kama huitaki kutoka kwangu. Barua hii nimempa mtu aliyefuatana na watawa wanaokwenda kaskazini. Sina hakika naye, kwa hiyo isome vizuri.

Theluji imefika kwenye kizingiti. Ngozi zimeganda mashimoni, tunapasua barafu kwa shoka. Sibell anasema mume wa nne amekataa kwa sababu ya baridi.

Unataka habari za Cuthbert. Nitakupa habari za Cuthbert.

Vitambaa vya usoni vimepungua. Bado hasemi, na kwa heri yake ni afadhali asijaribu mbele za watu. Sibell alikuja kumjulia hali. Alimtazama tangu kichwa hadi miguu, muda mrefu, akaniambia, "Vita imempunguza urefu mumeo." Kisha akaweka mayai mezani akaenda zake. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewafukuza wageni wote, anawaambia tuna ugonjwa wa ngozi.

Cuthbert anataka kazi. Juzi nilimkuta anatengeneza gurudumu la gari la Sibell. Alichonga mataruma, zile fito za kati ya kitovu na duara, kwa patasi moja mbovu, akayapachika yote, hakuna lililolegea. Akifanya kazi anatoa wimbo puani. Anawaogopa mabata bukini, mtu mzima yule. Kidole chake kimoja hakikunji, nilimuuliza kama ni baridi, akatikisa kichwa.

Kila jioni anaweka mikono miwili tumboni kwake, ananitazama, anainua nyusi. Ana kovu kwenye moja. Anataka kujua kama mtoto wako amezaliwa. Namwambia bado sijaletewa habari, anageukia ukutani.

Umfikirie Cuthbert unayemjua wewe, kisha usome tena barua hii polepole. Ukimaliza, ichome.

Thomasin


Linlithgow
Sikukuu ya Mishumaa, Februari 1514

Dada yangu, dada yangu,

Nimeichoma. Kabla ya kuichoma niliisoma mpaka nikaweza kuisema gizani.

Mpe shemeji yangu Cuthbert habari hii, na akae chini kwanza. Mtoto amezaliwa kabla ya theluji kuyeyuka, ni msichana, analia kama mswaga maksai, na ananyonya vizuri. Nimempa jina lako. Mwambie nyusi zake ni za upande wa baba yake. Mwambie sikuvaa nyeusi hata siku moja.

Maneno yangu ya Majilio nakuomba uyatupe kwenye shimo chafu kuliko yote uliyonayo.

Tangu nilipokuelewa nilicheka, nikalia, nikamnyonyesha mtoto, halafu nikamkumbuka Cuthbert. Shemeji yangu hakuwahi kushika patasi. Alikuwa mrefu, aliinama kwenye kila mlango. Na kama huyo ndiye Cuthbert aliyerudi, basi kuna swali la pili ambalo naogopa kuliuliza. Usinijibu kwa barua. Nimeshajibiwa na namna ulivyoandika kwamba unalala chini.

Niambie tu niende wapi, na lini.

Emmot


Alnwick
Kwaresima, Machi 1514

Mdogo wangu,

Tumefurahi. Cuthbert alikaa chini kama ulivyoagiza, na bado akaanguka.

Watawa wa kike wa Coldstream, ng'ambo ya mto Tweed, wanahitaji ngozi. Nitawapelekea baada ya Pasaka, wiki ya pili, maji yakishapungua kivukoni. Cuthbert ataendesha gari. Nimesikia hewa ya kule inafaa kwa wagonjwa.

Mlete mtoto apate baraka.

Thomasin


Alnwick
Mwishoni mwa Mei 1514

Mdogo wangu Emmot,

Natumai mtoto anaendelea kunenepa, na kwamba Ninian ameanza kusema japo maneno ya uji na maji. Huku jua limetoka hatimaye. Ngozi zinakauka vizuri. Nimesikia malkia wako amejifungua salama mtoto wa kiume huko Stirling, Mungu amtunze, na Mungu awatunze hata mawifi waliozaliwa na babu mmoja. Barua hii ameibeba mwana wa Sibell, ambaye mama yake amemwapisha, kwa hiyo naandika wazi.

Pale Coldstream hatukupata nafasi ya kuzungumza. Kivukoni walikuwepo walinzi, na wawili kati yao walitufuata hadi uani kwa watawa, wanataka kuona ngozi. Ulikuwa umesimama getini, mtoto mgongoni. Ninian alishuka kwenye gari, macho yote kwako, na nikafikiri, sasa tumekwisha, atamkimbilia. Wewe ukaja mbele yake, ukapiga goti kidogo kama inavyostahili, ukasema, "Karibu, shemeji. Pole kwa safari." Sauti yako haikutikisika. Walinzi wakageukia ngozi zao. Emmot, nimeona wanaume wakipewa nishani kwa mambo madogo kuliko hilo.

Halafu uliponikumbatia uliniambia sikioni, "Baki nasi." Nikakataa kwa kichwa. Sasa nakueleza kwa nini, na nakujibu lile swali la pili.

Siku ya pili baada ya vita tulipanda kilimani, wanawake wengi, kila mmoja anatafuta wake. Waporaji walikuwa wametangulia. Maiti walikuwa uchi, na mtu uchi hana nchi. Tuliwageuza wote, wao na wetu, tukawafunika nyuso tulizoweza. Cuthbert nilimpata kabla ya adhuhuri, chini kwenye mteremko, upande ambao safu zetu zilivunjika. Yeye hakuwa amevuliwa. Alikuwa amelalia shimo la mkondo wa maji, nadhani hawakumwona. Hakukuwa na alama ya mzinga mwilini mwake, ulijue hilo, na Ninian naye alijue. Ulikuwa mkuki. Nilikaa naye. Nilimwambia habari za nyumbani, zile nilizokuwa nazo.

Nilikwenda kutafuta gari la kumbebea. Karibu na mizinga iliyotekwa nikaona majeruhi wamelazwa mstarini, na mmoja wao ana taya lililoning'inia, ameshika taruma la gurudumu, wanamvuta, haliachii. Niliijua ile mikono. Alinitazama, akanitambua, kisha akageuza uso upande wake, apite, kama ulivyomwagiza. Hakutaka kuniponza.

Mlinzi akaniuliza, "Huyu ni nani wako?"

Nikasema, "Mume wangu."

"Anaitwa nani?"

"Cuthbert Hedley, mtengeneza ngozi wa Alnwick."

"Mbona yuko kati ya Waskoti?"

Nikamwambia, "Wewe ukikatwa taya, ukavuliwa nguo, utajieleza kwa nani?"

Akacheka. Akasema, kama ni wako, mfunike, umchukue kabla hajafa mikononi mwetu. Sikuwa na cha kumfunika ila shela, na shela haimfanyi mtu Mwingereza. Nilirudi mteremkoni, nikamvua Cuthbert koti lake jeupe lenye msalaba mwekundu. Mkono mmoja ulikuwa umekaza, ilinibidi nimwombe radhi. Nikamvika mumeo.

Umeelewa sasa? Baada ya hapo sikuweza kumzika wangu. Cuthbert Hedley alikuwa kwenye gari langu, anapumua. Hawezi kuwapo pia kaburini. Nilichukua shela yangu nikaufunika uso wa mume wangu, nikaliendesha gari, na jioni hiyo walimfukia pamoja na wengine, wao na wetu, katika shimo moja. Sikugeuka nyuma, maana ningegeuka nisingeondoka.

Miezi yote hiyo niliitikia watu waliponipongeza kwa mume kurudi. Ninian alifahamu. Wiki za kwanza alikataa kula, akanionyesha mlango kwa kidole, niende nikaseme ukweli. Nilimwambia, "Nimeshamtoa mmoja. Sikutoi wewe. Fungua mdomo." Akafungua.

Ulipoandika kwamba huenda Cuthbert alimuua mumeo, niliisoma mara moja nikaenda kupasua barafu. Sikukasirika kwako. Nilikasirika kwamba sikuweza kumtetea.

Kwa hiyo siwezi kuishi kwenu. Mngenipenda, najua, na Ninian angeniita mama. Lakini pale Uskoti nitakuwa dada wa Emmot. Cuthbert amebakiwa na mtu mmoja tu wa kumwita kwa jina lake, na jina hilo lilikuwa limeazimwa. Nilikuwa na haraka ya kwenda kulirudisha.

Walinzi wa kivukoni niliwaambia mgonjwa wangu amebaki kwa watawa, na nilipofika mjini nikiwa peke yangu kwenye gari, nilikwenda moja kwa moja kwa kasisi, nikasema mume wangu amekufa. Hakuuliza mengi, kila mtu alijua mgonjwa yule hakuwa wa kudumu. Kengele ikapigwa. Nilivaa nyeusi, Emmot, nguo niliyokuwa nimeishona mwenyewe tangu Oktoba na kuificha chini ya magome. Watu wakaja, hata na harufu yetu, wakajaa uani. Walileta mikate, jibini na pombe, wakamsifu Cuthbert kwa urefu wake, na namna alivyokuwa akigonga kichwa kwenye mlango wa kanisa kila Jumapili na kuuomba msamaha mlango. Nilicheka, nikalia kwa sauti, mbele za watu, kwa mara ya kwanza. Sibell alinishika mgongoni muda wote.

Mke wa mwokaji mikate akaniuliza kwa upole nilimwacha wapi marehemu. Nikamjibu ukweli. Nilisema, "Nilimwacha kilimani pale Flodden, nikamfunika uso kwa shela yangu."

Wakatazamana, wakaona ni uchungu unaosema. Wakanikalisha, wakanipa maji.

Dada yako,
Thomasin, mjane wa Cuthbert Hedley